Bima ya nyumba unapopokea wageni wa muda mfupi

Kutoka Diani hadi Watamu, nyumba nyingi zilizojengwa kwa ajili ya familia sasa zinapokea wageni wa siku tatu au wiki moja, wanaokuja kupitia Airbnb, Booking.com au kwa kuelekezwa na rafiki. Wengi wa wenye nyumba hizo wanayo bima. Tatizo ni kwamba waliikata wakati waliokuwa wakilala humo ni wao na watoto wao.

Bima ya kawaida ya nyumba hapa Kenya huuzwa kama furushi moja lenye sehemu kadhaa: jengo, vyombo vya ndani, vitu vya kubeba kama simu na kompyuta, wafanyakazi wa nyumbani, na madai ya watu wanaoumia kwako. Bei yake hupangwa kwa kuamini kwamba nyumba ni makao ya mtu. Mgeni anayelipa kwa usiku hubadilisha hesabu. Hajui jiko lako la gesi linafungwaje, na wiki ijayo atakuwa mwingine. Kwa kampuni ya bima hiyo tayari ni biashara, na mikataba mingi ya nyumba ya kuishi huiacha biashara nje.

Anayekata bima ana wajibu wa kueleza kila jambo linaloweza kubadilisha uamuzi wa kampuni. Ukinyamaza kuhusu wageni, kisha makuti yakashika moto, mtu anayetumwa kukagua hasara atauliza nani alikuwa ndani usiku huo. Huna pa kujificha: tangazo la nyumba yako liko mtandaoni, na picha za vitanda na maoni ya wageni wa mwaka jana. Kampuni inaweza kukataa dai lote, hata kama moto ulitokana na waya wa umeme na mgeni hana kosa lolote. Kwa mtu aliyejenga kwa mkopo wa sacco, nyumba imekwenda na deni limebaki.

Kwa hivyo iandikie kampuni yako kwamba unapokea wageni wa kulipa. Baadhi zitakuongezea kipengele kwenye mkataba ulio nao, nyingine zitakuhamishia bima ya biashara. Ada itapanda, na paa la makuti huipandisha zaidi kwa sababu ya moto. Usikubali jibu la mdomo la ajenti kwamba "hakuna shida". Kinachohesabika ni kile kilichoandikwa kwenye hati.

Wizi usiovunja mlango

Studioni tunaulizwa zaidi kuhusu bei. Mimi ningependa tuulizwe zaidi kuhusu wizi. Sehemu ya wizi katika mikataba mingi hulipa pale tu penye dalili za kuvunja: kufuli iliyokatwa, dirisha lililong'olewa. Sasa fikiria mgeni uliyempa funguo mwenyewe, ambaye Jumapili asubuhi anaondoka na televisheni kwenye buti ya gari. Hakuna kilichovunjwa. Kwa lugha ya mkataba huo, wizi unaolipiwa haukutokea. Uliza waziwazi kama wizi unaofanywa na mgeni umo, na kama haumo, unaweza kuongezwa kwa kiasi gani. Ukikosa, amana ya mgeni ndiyo kinga yako, pamoja na orodha ya vyombo yenye picha na risiti.

Wengine husema Airbnb itawalipa. Ni kweli mtandao huo una mpango uitwao AirCover, unaotaja hadi dola milioni 3 kwa uharibifu unaofanywa na mgeni na hadi dola milioni 1 kwa madai ya watu walioumia. Lakini Airbnb wenyewe wanaeleza kwamba ule ulinzi wa uharibifu si bima. Haulipi fedha taslimu zilizopotea wala uchakavu wa kawaida, na ombi lazima liwasilishwe ndani ya siku 14 tangu mgeni aondoke. Mgeni aliyekuja kwa njia ya simu na kulipa kwa M-Pesa hahusiki nao kabisa. Nao moto wa umeme wakati nyumba haina mtu hauwahusu.

Bwawa la kuogelea lina habari yake. Sheria ya Kenya kuhusu wajibu wa mwenye eneo kwa wanaoingia humo, Sura ya 34, inakutaka uchukue tahadhari ya kutosha ili mgeni awe salama. Kibao cha "ogelea kwa hatari yako" peke yake hakikuondolei wajibu huo. Bima ya madai ya watu wengine inapaswa kutaja kwamba wageni ni wa kulipa. Msafishaji na mtunza bustani wao wanaangukia Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, na wanahitaji sehemu yao.

Kuhusu thamani, andika gharama ya kujenga upya, si bei ya soko, maana kiwanja hakiungui. Ukipunguza ili ulipe ada ndogo, utapunguziwa fidia. Nyumba ya kujengwa kwa shilingi milioni 10 ikikatiwa bima ya milioni 5, hasara ya milioni 2 inaweza kulipwa milioni 1 tu.

Tena, kati ya Aprili na Juni, wakati mvua za masika zinapofukuza watalii, angalia kipengele cha nyumba tupu. Mikataba mingi husimamisha sehemu ya kinga nyumba ikikaa bila mtu kwa zaidi ya siku 30 hivi. Mlinzi wa getini huenda asihesabiwe kuwa mkaaji, kwa hivyo uliza.

Kama wewe mwenyewe umepanga fleti na kuikodisha kwa wageni, jengo si lako kulikatia bima. Wewe kata ya vyombo na ya madai, baada ya kupata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi.

Kabla ya kulipa, hakikisha kampuni na ajenti wana leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Sheria hairuhusu kampuni ya Kenya kubeba hatari kabla haijapokea ada. Pesa zitumwe kwenye akaunti ya kampuni, si kwenye simu ya ajenti. Na hasara ikitokea, chukua nambari ya OB polisi, piga picha kabla ya kusafisha, na uijulishe kampuni siku hiyo hiyo.