Gesi ya Gerezani

Mtu akiniuliza bayogesi ilipata nguvu wapi nchini kwetu Rwanda, simtajii zizi la ng'ombe. Namtajia gereza.

Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, watuhumiwa walijaa magerezani hata wakazidi 100,000, katika majengo yaliyojengwa kwa ajili ya watu wachache sana. Watu hao walipaswa kula, na walipaswa kwenda chooni. Jikoni, sufuria kubwa zilimaliza kuni kutwa kucha. Vyooni, uchafu ulifurika na kutiririka mabondeni. Wahandisi wa KIST, taasisi ya sayansi na teknolojia ya Kigali, waliona kwamba tatizo moja ni dawa ya lingine.

Mwaka 2001 walianzia gereza la Cyangugu, karibu na Ziwa Kivu. Walijenga chini ya ardhi matangi ya matofali yenye umbo la mzinga wa nyuki. Kinyesi huingia upande mmoja. Ndani, pasipo hewa, bakteria hukiozesha na kutoa methani, gesi inayowaka. Gesi hiyo hukusanyika juu, kisha hupita bombani hadi jikoni. Mabaki yanayotoka upande wa pili hayana harufu kali, nayo ni mbolea ya bustani za gereza. (Wenzangu darasani huuliza kwanza kama maharage yananuka. Hayanuki.) Wafungwa wenyewe walifundishwa kujenga. Matumizi ya kuni yalipungua kwa karibu nusu, na mwaka 2005 KIST ilipewa tuzo ya Ashden huko London.

Kuihamisha teknolojia hiyo hadi nyumbani kwa mkulima kulikuwa kazi nyingine. Mpango wa taifa ulioanza mwaka 2007 ulilenga kaya 15,000 kufikia 2011. Lengo hilo halikufikiwa, na mimi sishangai. Gereza lina maelfu ya watu wanaojaza tangi bila kukosa. Mkulima ana ng'ombe wangapi? Mtambo mdogo wa nyumbani unahitaji samadi ya ng'ombe wasiopungua wawili, pamoja na maji kiasi hicho hicho, kila siku. Mpango wa Girinka, ulioanza 2006, huipa familia maskini ng'ombe mmoja. Na maji hupandishwa mlimani kutoka bondeni, mara nyingi na mtoto yule yule ambaye gesi ingempunguzia safari za kuni.