Mkaja wa Mama

Siku walipoleta mahari ya binti yangu, hapa Tanga, kwenye sinia palikuwa na bahasha zaidi ya ile ya mahari yenyewe. Moja imeandikwa kilemba, ya baba yake. Nyingine mbeleko. Ya mwisho, nyembamba kuliko zote, imeandikwa mkaja. Aliyezileta alikuwa kijana wa makamo ya mwanangu wa pili. Alinipa ile yangu kwa mikono miwili, akainama kidogo.

“Shikamoo mama. Niwie radhi, huu mkaja hasa ni nini?”

“Marahaba, mwanangu. Ni nguo niliyofungwa tumbo nilipomzaa huyu mnayemtaka.”

Alinyamaza. Nami sikumlaumu, maana siku hizi mkaja ni noti ndani ya bahasha, na wanaozihesabu ni wanaume. Lakini kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaziweka maana zote mbili pamoja: nguo ya kufunga tumboni, na zawadi apewayo mama wa bibi harusi. Waliotutangulia waliona kuwa anayekuja kuchukua binti ana deni kwa tumbo lililombeba, na deni hilo wakaliita kwa jina la kitambaa.

Bibi yangu alikuwa mkunga Pangani. Mkaja wake ulikuwa kaniki, mikono minane, iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama ngozi ya sikio. Nilipojifungua mara ya kwanza alinilaza chali, akapasha mafuta ya nazi, akanikanda kutoka ubavuni kuja katikati, kama mtu anayekusanya unga uliomwagika mezani. Kisha akaanza kufunga kutoka nyongani kupanda juu, kila mzunguko ukikanyaga nusu ya ule wa chini. Fundo aliliweka ubavuni, kamwe si juu ya kitovu. “Vuta tumbo ndani, mjukuu wangu. Usinisaidie kwa mikono, nisaidie kwa pumzi.” Uji wa pilipili manga asubuhi, maji ya moto jioni, na mkaja ukifungwa upya kila baada ya kuoga. Siku arobaini. Mzazi hainui ndoo, hainami kufagia. Tumbo likarudi. Na la pili likarudi.

La tatu lilikuwa la mapacha. Bibi alikwishafariki, mimi nikiishi Dar es Salaam, na wiki ya tatu nilikuwa nishabeba mmoja mgongoni na ndoo mkononi. Watoto walipofika miaka sita bado nilikuwa na tumbo la mimba ya miezi mitano. Kwenye daladala vijana walinyanyuka wanipishe kiti. Mwanamke mmoja sokoni Kariakoo aliniuliza ni wa ngapi. Nilishukuru kiti, nikaenda nacho nyumbani kama jiwe.

Daktari wa upasuaji alinilaza chali kama Bibi, akaniambia niinue kichwa tu, kisha akashusha vidole vyake juu ya kitovu. Vilizama vitatu. Akanieleza kuwa tumbo limesimamishwa na misuli miwili inayoshuka wima toka mbavuni, na kati yake kuna utando. Mimba huupanua. Kwa wengi hurudi. Kwangu ulilegea usirudi, na ngozi iliyotanuka ikabaki ikining'inia. Nilimuuliza kuhusu mkaja nikitegemea atacheka. Hakucheka. Alisema kitambaa humtegemeza mzazi mwenye maumivu na kumsaidia kusimama wima, ila utando uliokwisha kulegea kiasi changu hauwezi kuvutwa na nguo. Unashonwa.

Nilikwenda kuisoma historia ya huko kushona, kwa sababu siwezi kumpa mtu tumbo langu bila kujua kazi hiyo ilianzia wapi. Mmoja wa waanzilishi wake hakuwa daktari wa urembo. Howard Kelly alikuwa daktari wa magonjwa ya wanawake katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, na mwaka 1899 alieleza alivyomkata mama mmoja kipande cha ngozi na mafuta ya tumbo chenye uzito wa karibu kilo saba na nusu. Nilipima mchele kilo saba na nusu jikoni kwangu, nikaufunga kwenye kanga na kuufunga kiunoni. Sikuweza kuinama kuwasha jiko. Tangu hapo sikumsikiliza tena mtu aliyeniambia upasuaji huu ni wa wenye kiburi cha sura.

Zamani zile kitovu kilikuwa kikienda na ngozi. Mwaka 1924 Max Thorek wa Chicago alieleza namna ya kukihifadhi, na mwaka 1967 Ivo Pitanguy, wa Rio de Janeiro, akachapisha taarifa ya wagonjwa wake 300, mkato ukiwa chini kabisa, pale chupi inapoficha. Njia niliyopasuliwa mimi ni mtoto wa njia hizo.

Masharti niliyopewa kwanza yalikuwa manne: uzazi uwe umekwisha, uzito uwe umetulia kwa miezi, sigara isiwepo kwa sababu huifanya ngozi ife badala ya kupona, na nisitarajie kupungua uzito, kwani hii si dawa ya unene. Usiku wa kuamkia siku yenyewe sikula. Nilipigwa nusu kaputi, na saa tatu zikapita ambazo sizijui. Waliikata ngozi toka nyonga hadi nyonga, wakaishona ile misuli ikutane, wakavuta ngozi chini na kukitobolea kitovu changu mahali papya.

Nilipoamka nilikuwa na mirija miwili ikitoa maji mekundu kwenye vichupa. Jioni ile ile muuguzi alinisimamisha nitembee, maana damu inaweza kuganda miguuni na kupanda mapafuni, na hilo ndilo linaloua. Nilitembea nimejikunja kama bibi kizee wa miaka tisini, kwa siku kumi. Kukohoa kulikuwa adhabu. Mirija ilipotolewa, maji yalikusanyika tena chini ya ngozi, ikabidi yavutwe kwa sindano mara mbili. Ngozi chini ya kitovu ilikaa na ganzi karibu mwaka. Maji ya moto yangeweza kuniunguza nisijue. Kovu lilivimba upande wa kushoto, jambo ambalo ngozi zetu nyeusi huwa nalo mara nyingi, na daktari alikuwa amenionya mapema. Michirizi ya chini iliondoka na ngozi iliyokatwa. Ile ya juu ya kitovu ninayo mpaka leo.

Siku ya pili muuguzi alikuja na mkanda mpana wa kubana tumbo. Akaniambia nivute tumbo ndani, akaanzia nyongani. “Hutauvua ila kuoga. Usibebe kizito, usiiname, wiki sita.” Nilihesabu kwa vidole kitandani: siku arobaini na mbili. Machozi yakanitoka, naye akadhani ni maumivu, akaenda kuleta dawa. Nilipomweleza aliketi ukingoni mwa kitanda akaniambia mama yake, wa Lindi, alimfunga yeye pia, akalifungua shati lake kidogo kunionyesha alama ya fundo ambayo haipo tena.

Bahasha ya yule kijana nimeiweka ndani ya Msahafu. Kaniki ya Bibi nimeitoa sandukuni, nimeifua kwa mkono na kuianika kivulini, isichujuke zaidi. Mikono minane ingali mizima. Binti yangu ni mwembamba. Itamzunguka mara nyingi kuliko ilivyonizunguka mimi.