Roger Casement: aliyefumbuliwa macho na watu wa Kongo



Mara nyingi tunahesabiwa kama watu wa kupokea tu. Historia ya Roger Casement inaonyesha vingine.

Mwaka 1903 huyu mtu wa Ayalandi alikuwa konsuli wa Uingereza huku kwetu. Alipanda mto hadi Equateur, akasikiliza wanakijiji: wanawake walifungwa mpaka waume walete mpira wa porini, watu walikatwa mikono. Ripoti yake ilitoka 1904. Mwaka 1908 Leopold II alilazimika kuachia Ubelgiji Kongo.

Lakini wale wanakijiji nao walimpa kitu. Mwaka 1907 alimwandikia rafiki yake, mwanahistoria Alice Stopford Green, kwamba katika misitu ya Kongo njo alijitambua kuwa mtu wa Ayalandi. Kumbe nchi yake pia ilikuwa imenyang'anywa. Akageuka, akatafutia wapigania uhuru wa kwao silaha, na tarehe 3 Agosti 1916 Waingereza wakamnyonga London.

Mifupa yake ilirudishwa 1965 tu. Aliomba azikwe Murlough Bay, kaskazini. London ilikataa, juu kisiwa kilikuwa kimegawanywa na kaskazini ilibaki mikononi mwake. Akazikwa Dublin. Kurudi nusu namna hiyo, siye tunakujua.

Basi siku ya makutano, mama akisimama kueleza alivyokimbia na alivyorudi, tumsikilize mpaka mwisho. Haombi tu, anatoa. Wafadhili wetu nao waje kusikiliza.