Bakteria wa Kasa na Mpira wa Tumboni

Kazi yangu maabarani ni kusaka kifua kikuu. Napaka makohozi kwenye slaidi, namwagia fuksini, napasha moto, naosha kwa asidi, kisha natazama kwa darubini vijiti vilivyokataa kuachia wekundu. Wengi wakisikia vijiti hivyo hufikiria ugonjwa mmoja tu, ilhali ukoo wa bakteria hawa ni mkubwa.

Mwaka 1903, mjini Berlin, Friedmann alimpata mmoja wao kwa kasa. Leo anaitwa Mycobacterium chelonae. Mwaka 1938, da Costa Cruz wa Brazil akamweleza nduguye, fortuitum, aliyetoka kwenye jipu la sindano. Hawa huishi majini na udongoni, na klorini ya bombani haiwatishi.

Njia ya kuingia tumboni waliipata baadaye. Mwaka 1968, huko Seattle, Henry Tenckhoff alibuni mpira wa silikoni wa kusafishia damu ya wagonjwa wa figo kupitia tumboni, unaoweza kukaa humo kwa miaka. Kabla yake mgonjwa aliyesafishwa kwa njia hiyo alikuwa akitobolewa tumbo upya mara kwa mara. Mwaka 1976 Popovich na Moncrief wa Texas wakaja na njia ya kusafisha damu bila mashine: mgonjwa anajaza maji maalumu tumboni, yanakaa saa kadhaa yakivuta taka, anayatoa na kujaza mengine, usiku na mchana. Nawaheshimu mno watu hawa, maana walimrudisha mgonjwa nyumbani kwake. Ila tundu la mpira halifungi, nalo ni mlango wa bakteria hawa.

Mwaka 1982 madaktari wa Marekani waliripoti wagonjwa waliokuwa bado wakisafishwa tumboni kwa mashine, ambao waliambukizwa tumbo na jamii ya chelonae kwa kuwa mashine ilichafuka. Miaka ya karibuni, Hong Kong, ambako njia ya tumbo ndiyo hutangulizwa, bakteria hawa walionekana pembeni mwa mpira kwa wagonjwa waliokuwa wakipaka krimu ya gentamaisini: huenda krimu inaua bakteria wa kawaida na kuwaachia hawa uwanja.

Kinachoniuma ni meza yetu. Maji ya tumbo yanaletwa yakiwa na ukungu, tunaotesha kwenye sahani, siku chache zinapita bila kitu, tunaandika "hakuna kilichoota" na sahani inatupwa. Hawa huweza kuchukua wiki nzima kuonekana. Dawa nyingi za kifua kikuu haziwawezi, na mara nyingi mpira hulazimika kutolewa.

Wenzangu wa maabara, maji yakiwa na ukungu na sahani ikawa tupu, msiitupe. Pakeni slaidi ya asidi, mwambieni daktari, na sahani ikae.