Asidi Ogania katika Chakula cha Kuku

Mwambie mfugaji wa kuku wa nyama atie tindikali kwenye chakula cha vifaranga, atashtuka, na ana haki. Tindikali aijuayo ni ile ya betri, inayounguza ngozi. Lakini siki ya kachumbari nayo ni asidi, na ukali wa maziwa mgando unatokana na asidi laktiki. Jamaa za hizo ndizo zinazotiwa siku hizi katika chakula cha kuku badala ya antibiotiki. Kwa Kiswahili, jina linalozifaa ni asidi ogania.

Wapo wanaoandika "asidi za kikaboni", na hoja wanayo, maana molekuli zake zimejengwa juu ya kaboni. Tatizo ni kwamba ipo asidi kaboniki, ile ya kwenye soda, nayo haimo katika kundi hili. Majina yakikaribiana hivyo, mchanganya chakula atakosea. "Asidi za asili" ni jina baya zaidi: asidi fomiki na propioniki zinazouzwa hutoka viwandani. Tangu Friedrich Wöhler alipotengeneza urea maabarani mwaka 1828, neno ogania katika kemia halidai tena kwamba kitu kimetoka kwenye kiumbe hai.

Utendaji wa asidi ogania unavutia. Mahali penye ukali, kama ndani ya firigisi, sehemu kubwa ya molekuli za asidi hizi hubaki nzima, na ikiwa nzima hupenya utando wa bakteria kama salmonela. Ndani ya bakteria hakuna ukali mwingi. Huko molekuli huvunjika na kuachia ioni za haidrojeni. Bakteria hulazimika kuzisukuma nje, nguvu zinamwishia, hakui wala hazaani. Asidi butiriki ina faida ya ziada: ni chakula cha seli za ukuta wa utumbo. Kwa kuwa hufyonzwa mapema, mara nyingi hufunikwa kwa mafuta ili ifike mbali.

Antibiotiki zilikuwa zikitiwa kidogo kidogo kila siku, kuku mzima akizila ili anenepe haraka. Bakteria wakajenga usugu, na usugu huo humfikia binadamu. Sweden ilipiga marufuku desturi hiyo mwaka 1986. Umoja wa Ulaya ukaikomesha kabisa tarehe 1 Januari 2006. Hapo ndipo asidi ogania zilipopata soko kubwa.

Hata hivyo, hazitibu kuku mgonjwa. Kideri na gumboro ni magonjwa ya virusi, kinga yake ni chanjo, na banda chafu halisafishwi kwa kutia asidi kwenye pumba. Zaidi ya hayo, asidi fomiki isiyozimuliwa huunguza kweli. Kwa hiyo, mfugaji, kabla hujalipa muulize muuzaji mambo mawili: ni asidi gani hasa iliyomo, na inatiwa kiasi gani kwa kila tani ya chakula. Akishindwa kujibu, usinunue.