Sanamu Nyeupe za Dehua

Kauri ya Jingdezhen, China, yenye michoro ya buluu, ina sifa duniani kote. Lakini sanamu za kauri za Dehua, mji wa milimani mkoani Fujian, nchini humo, wengi hawazijui. Ni nyeupe kama maziwa, hazina nakshi za rangi. Uzuri wake umo katika mikunjo ya vazi na vidole vyembamba.

Guanyin, mtakatifu wa huruma wa Wabudha, alifinyangwa tena na tena. Japani ilipopiga marufuku Ukristo mwaka 1614, waumini waliojificha walisali mbele ya sanamu hizi za Guanyin aliyepakata mtoto, mioyoni wakimwona Bikira Maria.

Huko Ulaya, Augustus, mtawala wa Saxony, Ujerumani, alikusanya sanamu nyingi za Dehua. Zimo Dresden hadi leo.

Wakusanyaji hutafuta mgongoni muhuri wa He Chaozong, fundi wa enzi ya Ming. Umeigwa mno, hivyo jicho hurudi kwenye vidole.