Sahani ya kaure: Kheri ya Kichina ndani ya nyumba za Unguja

KWA karne nyingi sahani ya kaure kutoka China ilikuwa miongoni mwa mali za fahari katika nyumba za mwambao wa Afrika Mashariki. Katika majumba ya mawe ya Unguja na Lamu ilipangwa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, mahali ambapo mgeni asingekosa kuiona.

Historia yake ni ndefu kuliko Mji Mkongwe wenyewe. Huko Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa, wachimbuaji wa mambo ya kale wamefukua vigae vya vyombo vya enzi ya nasaba ya Tang (618-907), vikiwamo vya tanuri za Changsha. Shehena kubwa ya bakuli za aina hiyo iligunduliwa mwaka 1998 karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, ndani ya jahazi la karne ya 9 ambalo mbao zake zilishonwa kwa kamba, kama ulivyokuwa mtepe wa Waswahili.

Kaure nyeupe yenye michoro ya buluu ilishamiri baadaye, enzi za Yuan na Ming. Michoro hiyo mara nyingi ni dua, na maana yake hutokana na sauti. Neno la Kichina la popo, fu, hutamkwa sawa na neno la baraka. La samaki, yu, hufanana na la ziada. Popo watano ni kheri tano: umri mrefu, utajiri, afya, wema na kifo cha amani. Tunda la pichi na ndege korongo huombea maisha marefu. Zanzibar, ambako hofu ya Popobawa ilitanda mwaka 1995, si rahisi kumshawishi mtu kwamba popo ni dalili njema.

Hata hivyo, watu wa mwambao waliipa sahani hiyo kheri yao wenyewe. Iliaminika kuwa huvuta kijicho cha hasidi na kupasuka badala ya kumdhuru mwenye nyumba. Sahani pia ndiyo huandikiwa kombe: aya za Kurani kwa wino wa zafarani, zikaoshwa kwa maji na mgonjwa akanywa. Hata neno sinia limetoka katika Kiarabu, likimaanisha kitu cha China.

Bakuli nyingine zilipachikwa kwenye nguzo za makaburi, kama Kaole, Kunduchi na Mambrui. Kwenye baadhi ya nguzo za mwambao yamebaki mashimo ya mviringo tu, kwani vyombo vilivunjika au kubanduliwa.

Kwa mnunuzi wa leo, alama iliyo chini ya sahani haitoshi kuwa ushahidi. Mafundi wa enzi ya Kangxi (1661-1722) waliandika jina la mfalme Chenghua, aliyetawala karne ya 15, kwa heshima ya kazi za zamani. Viwanda vya Ulaya navyo viliuza Zanzibar vyombo vyao katika karne ya 19, na si kila sahani kuukuu ya Mji Mkongwe imetoka China.

Ndiyo maana wataalamu huuliza kwanza chombo kilitoka nyumba gani, kaburi gani au shimo gani. Kigae kidogo kilichofukuliwa mahali panapojulikana husaidia kukadiria umri wa jengo zima. Sahani nzima iliyouzwa bila kumbukumbu hubaki pambo.